Chumba cha Bi Mwantum

Pale Kibiti ukitaka kujua nyumba fulani ilisiribwa na nani, usimuulize mwenye nyumba, maana mwenye nyumba atakupa habari za bei ya mabati. Muulize Zamda. Mama huyu wa miaka arobaini na miwili, mwembamba, mwenye viganja vikubwa kuliko mwili wake unavyostahili, amekandika na kusiriba kuta za udongo tangu hajavunja ungo. Akipita njiani hasalimii watu kwanza, hutazama kuta. Huo alisiriba mwanamume, atakwambia, ona alivyopaka kwa hasira. Ule alisiriba mwali wa jana, kaogopa kuchafua kucha.

Watu walishamtabiria njaa zamani, kwamba zama za tofali za saruji zimefika na udongo basi. Thubutu! Tofali zinataka hela, na udongo Mungu kaumwaga bure. Zamda anaitwa Ikwiriri, anaitwa Chumbi, anaitwa Ruaruke, na kila anapokwenda huacha alama yake: chini ya dirisha humalizia kwa mgongo wa kiganja, mistari midogo ya nusu duara, kama magamba ya samaki. Hakufundishwa alama hiyo na mtu wala haiuzi kwa mtu.

Kazi hiyo ya kutazama kuta ndiyo iliyomwingiza kwenye mambo ya simu. Mjini kuna kundi moja la WhatsApp la vyumba vya kupangisha, limejaa madalali, wapangaji na, kama ilivyo kila penye asali, nzi. Siku moja jirani yake Subira, muuza vitumbua, alikuja mbio na simu mkononi, uso unang'aa. Kapata chumba masta, sakafu ya vigae, umeme, maji, kwa bei ya banda la kuku. Dalali anataka atume hela ya kushikilia kabla ya adhuhuri.

Zamda aliitazama picha kwa kitambo.

"Subira, tazama chini ya dirisha hapa. Mvua imeruka ukutani. Matone yake ya rangi gani?"

"Mekundu."

"Udongo mwekundu kama pilipili hivi, hapa Kibiti umeuona wapi? Sisi mchanga wetu huacha alama ya kijivu. Nyumba hii iko milimani huko, kama haiko nchi nyingine. Haya, bafu hili picha ya kwanza mlango unafungukia kulia, picha ya pili unafungukia kushoto. Nyumba gani hii inajigeuza usingizini?"

Subira hakukubali upesi, maana mtu akishapenda chumba hutetea hata kunguni wake. Zamda akamwambia ajaribu kutuma shilingi mia tano tu, aone jina litakalokuja. Dalali alijitambulisha kuwa ni mama wa makamo. Jina lililokuja kwenye simu lilikuwa la mwanamume.

"Jina la kwenye simu na jina la mdomoni yasipofanana, huyo ni mwizi," akasema Zamda. "Hakuna cha laini ya kaka wala laini ya binamu."

Tangu siku hiyo wanawake wakawa wanamletea simu zao kama watu wanavyopeleka barua kwa anayejua kusoma. Alitazama kuta, akatazama vivuli, akatazama nguzo za nyaya za umeme zilizotokea pembeni mwa picha, akatoa hukumu. Alikuwa hakosei. Na kichwa, Mungu amsamehe, kikaanza kuvimba kidogo.

Basi mambo yalikuwa hivyo mpaka mama yake, Bi Mwantum, alipopiga simu kutoka Maparoni, visiwani huko kwenye delta ya Rufiji.

Bi Mwantum alikuwa na miaka sitini na tisa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. La kulia lilikuwa limeshafunga, la kushoto lilimwonesha dunia kama mtu anayechungulia kupitia chandarua. Mwaka huu alikaa juu ya dungu akifukuza ndege asubuhi nzima, akipiga kelele na kurusha mawe, kumbe shamba lenyewe la jirani, na kwenye shamba lake mwenyewe ndege wanakula kwa raha zao. Alilisimulia jambo hilo akicheka. Zamda hakucheka. Alikuwa amesikia kwamba madaktari wa macho wangefika hospitali ya Kibiti Jumatatu, siku tatu tu, na kwamba mgonjwa akishasafishwa jicho anatakiwa akae karibu mwezi mzima, arudi kutazamwa.

"Njoo mama. Utapona."

"Nitakuja. Nitalala wapi?"

"Kwangu."

"Kwako wapi?"

"Kwangu mie na Baba Twalha. Twalha yuko shule ya bweni."

Bi Mwantum akapandisha sauti.

"Zamda, hivi weye kakulea nani? Nyumba ya vyumba viwili, choo kiko uani. Mie nitoke alfajiri nimejitanda khanga yangu, nikutane na mkwe wangu kajifunga shuka anatafuta kopo. Uso utauweka wapi? Wako, maana wangu mie nitakuwa nshautupa mtoni."

Kwa watu wa rika la Bi Mwantum, mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali. Unampelekea salamu, unampelekea samaki, humpelekei sura yako asubuhi. Miaka ishirini ya ndoa ya Zamda, Bi Mwantum hajawahi kulala chini ya bati moja na Seleman, hajala naye, na hajamsemesha moja kwa moja. Neno lake kwa mkwe hupita kwa Zamda, hata kama mkwe mwenyewe kasimama hatua tatu.

"Nitafutie chumba," akasema. "Hata kiwe kama tundu la kaa. Nakuja Jumamosi na maji ya bamvua. Kama hakuna chumba, boti inarudi Jumapili na mie narudi nayo."

Aliyezaliwa na Bi Mwantum anajua kwamba hayo hayakuwa maneno ya kutisha watoto. Na baada ya bamvua, yale maji makubwa yanayojaza mikondo, maji huwa mafu, mkondo wa kijijini kwao haupitiki mpaka majuma mawili yaishe, na madaktari wangekuwa wameshaondoka zamani. Lini wangerudi hakuna aliyejua. Kwa ufupi, macho ya Bi Mwantum yalikuwa yananing'inia kwenye chumba kimoja.

Zamda akaanza kutafuta kwa miguu, kama watu wazima. Vyumba vilikuwapo. Lakini kila mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita, wengine mwaka, na aliyekubali miezi mitatu alikuwa na chumba kisicho na mlango. Chumba cha mwezi mmoja? Walimtazama kana kwamba kaomba nusu ya yai.

Mumewe Seleman, fundi baiskeli, mtu wa maneno machache na mikono ya grisi, naye alijitia kutafuta. Jioni moja akaja na simu, kaona chumba Facebook, kina vigae na kiyoyozi, karibu kabisa na hospitali.

Zamda alicheka mpaka akashika mbavu. "Baba Twalha! Kiyoyozi? Tazama dirishani huko nje, ghorofa tisa! Kibiti kuna ghorofa tisa? Weye baiskeli ndizo unazozijua, nyumba niachie mie."

"Haya, fundi wa kuta," alisema Seleman, akarudisha simu mfukoni. Hakununa, lakini hakutafuta tena.

Jumatano ilimkuta Zamda Ruaruke, na chumba hajapata. Alikuwa anasiriba nyumba ya bwana harusi iliyotakiwa ikauke kabla ya Ijumaa, maana hakuna bibi harusi anayetaka kuingizwa kwenye ukuta mbichi. Alikuwa juu ya jukwaa la miti, udongo mpaka viwikoni, na chini yake msaidizi wake Warda, msichana wa miaka ishirini na tatu mwenye ulimi wake, akikoroga udongo na maji kwa miguu. Simu ikalia kengele ya kundi.

"Nisomee," akasema Zamda.

"Chumba kimoja Kibiti, jirani na hospitali, tunapokea hata mwezi mmoja. Elfu thelathini na tano. Na picha ipo."

"Ilete."

Warda akainua simu juu. Zamda akainama, akakodoa macho. Nyumba ya bati, mlango wa kijani, ukuta wa udongo uliosiribwa ukasiribika. Na chini ya dirisha, safu mbili, magamba ya samaki.

"Ni mie huyu!"

"Wapi, dada? Mbona sioni mtu?"

"Ukuta! Ukuta ni mie! Nyumba ya Mzee Dadi hii, nimeisiriba kwa mikono yangu mwaka juzi!"

Furaha aliyokuwa nayo ilikuwa kubwa, na tusimlaumu. Kuta za watu wote alizihukumu kuwa za uongo, na sasa umekuja ukuta wake mwenyewe kumwokoa mama yake. Akashuka, akajifuta kidole kimoja kwa khanga, akapiga namba iliyoandikwa pale.

Ilipokelewa na sauti ya kijana mpole. "Shikamoo mama." Jina lake Nassibu, mtoto wa Mzee Dadi, yuko Dar kikazi, mzee siku hizi hasikii vizuri kwenye simu kwa hiyo mambo ya wapangaji anayasimamia yeye.

"Nyumba yenu naijua, baba. Nimeisiriba mie."

Kijana akakohoa kwanza.

"Ndiyo wewe, mama? Mzee mpaka leo anakusifia! Anasema Kibiti nzima hakuna mkono kama ule."

Hapo ndipo Zamda alipokwisha. Sifa ni tamu hata kwa mwenye akili, na kwake ilitiwa na asali. Kijana akaendelea kwa upole uleule: kuna mtu mwingine anakuja kulipia saa kumi, lakini kwa heshima ya fundi anaweza kumshikilia, atume tu ya mwezi mmoja, na ya kutolea, ufunguo ataukuta kwa mzee Jumamosi.

Zamda akabonyeza namba. Jina likaja: Abdulatifu. Akampigia tena kijana kumuuliza.

"Hiyo ni laini ya shemeji yangu, mama, yangu imeharibika."

"Dada," Warda akasema kutoka kwenye udongo, "si weye uliyemwambia Subira kwamba jina..."

"Warda, koroga udongo."

Hela ikaenda. Zamda akarudi juu ya jukwaa akiimba.

Kwa nini hakumpigia Seleman aende pale kwa Mzee Dadi, mwendo wa robo saa kwa baiskeli, akahakikishe? Alilifikiria hilo. Lakini alikuwa amemcheka mumewe juzi tu, na hakutaka kumwomba leo. Alitaka afike na ufunguo mkononi, auweke mezani, asiseme neno.

Ijumaa jioni, aliporudi nyumbani, alimwambia kwa kifupi kwamba chumba kapata.

"Umekiona?"

"Nimekisiriba."

Seleman akazungusha neno hilo kichwani kama anavyozungusha ringi iliyopinda. "Nipite nikakifagie?"

"Acha. Hiyo kazi yangu."

Jumamosi Zamda alikwenda Nyamisati kumpokea mama yake. Bi Mwantum alishushwa botini na vijana wawili, akiwaelekeza namna ya kumshika, na nyuma yake vikashuka vitu vyake: kiroba cha mchele, furushi la kamba wakavu, mkeka mpya, na kuku mmoja wa kijivu ambaye hakukubali ashikwe na mtu mwingine. Njia nzima mpaka Kibiti aliuliza habari za chumba. Kina dirisha? Kina. Choo kiko mbali? Si mbali. Majirani Waislamu? Waislamu. Zamda alijibu kila swali kwa uhakika wa mtu aliyezipapasa kuta zile inchi kwa inchi.

Bajaji iliposimama kwa Mzee Dadi, palikuwa na guta mlangoni, na juu ya guta kitanda cha futi tano kwa sita, na juu ya kitanda mwanamume mmoja amekaa ameshika tama. Mzee Dadi mwenyewe, barghashia kichwani, alikuwa amesimama katikati ya uwanja, wajukuu wamemzunguka wasiohesabika.

"Fundi!" akasema alipomwona Zamda, na uso ukamchangamka. Kusikia alikuwa anasikia vizuri kabisa. "Afadhali umekuja wewe mtu wa akili. Hebu mweleze huyu bwana. Anasema kapangishwa chumba kwangu, na mie sijapangisha hata kivuli. Naishi na watu kumi na wanne humu, wengine wanalala kwa zamu."

Zamda akaugeukia ukuta wake, akautazama mlango wa kijani.

Mzee Dadi akamtazama, akaitazama bajaji, akamtazama Bi Mwantum na kuku wake. "La ilaha illallah. Na wewe?"

"Kwa mtoto wako Nassibu," Zamda akasema kwa sauti ndogo. "Yuko Dar."

"Sina mtoto anayeitwa Nassibu. Dar hata mbuzi sina. Wewe ni wa tatu tangu asubuhi! Wa kwanza nilimwambia ni mwendawazimu, sasa naona nimwombe radhi. Kuna kijana alisimama hapo barabarani mwezi jana akapiga picha, nikadhani kapenda ukuta wako."

Zamda alitamani udongo aliousiriba miaka yote ubomoke umfunike. Hela iliuma, ndiyo, ilikuwa jasho la siku mbili za Ruaruke. Lakini hela hainuni, hela hairudi Maparoni na boti. Aliona haya mbele ya Mzee Dadi, akaona haya mbele ya yule bwana wa kitanda, na zaidi ya wote mbele ya huyu mama yake mwenye mvi aliyesimama kwa subira akingoja aoneshwe dirisha lake. Ukuta ulikuwa wa kweli, mlango wa kweli, mwenye nyumba wa kweli. Mwongo alikuwa ni aliyeshika simu tu, na yeye ndiye asiyetazamwa.

Bi Mwantum, asiyeona kinachoendelea lakini anasikia kila kitu, alikuwa amesogea mpaka akaugusa ukuta. Akapitisha kiganja polepole, akashuka nacho mpaka chini ya dirisha.

"Kazi yako hii," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Nzuri. Ila huku chini mkono ulichoka."

Mzee Dadi akaangua kicheko, hata bwana wa kitanda akatabasamu kwa huzuni. Bi Mwantum hakucheka.

"Kwa hiyo chumba hakipo."

"Hakipo."

"Basi. Nitamwomba mzee huyu nipate pa kujilaza na wajukuu zake leo, kesho unirudishe Nyamisati kabla maji hayajatoka."

"Mama, madaktari ni Jumatatu!"

"Macho haya yamenifaa miaka sitini na tisa, mwanangu. Siyadai kitu."

Zamda aliposikia hivyo alilia. Alilia mbele za watu, pale pale, kama mtoto aliyenyang'anywa muwa, kisha akajifuta uso kwa viganja vyake vikubwa na kufanya jambo ambalo alipaswa kulifanya Jumatano. Akampigia mumewe.

"Baba Twalha, nimepigwa."

Akangoja kicheko. Seleman hakucheka, wala hakuuliza kiasi gani.

"Mama yuko wapi?"

"Kwa Mzee Dadi. Anataka arudi kesho."

"Mpe maji ya kunywa. Nusu saa."

Nusu saa haikutimia. Seleman alitokea na baiskeli yake, na nyuma ya baiskeli amefunga godoro jembamba lililokunjwa, mto, ndoo, kopo na shati la Ijumaa likining'inia kwenye usukani. Akasimama mbali, ng'ambo ya uwanja, kama inavyompasa mkwe, akainamisha kichwa.

"Mama Twalha, mpe mama shikamoo yangu."

"Mama, mkweo anakuamkia."

"Mwambie marahaba. Mwulize anahama?"

"Mwambie ndiyo, nahama," alisema Seleman kabla hajaulizwa. "Nahamia kibandani kwangu, kwenye baiskeli, mpaka daktari amruhusu kurudi. Nyumbani sasa hakuna mwanamume. Aende akapumzike."

Wajukuu wakaacha michezo yao, wakasogea.

"Mwambie ana wazimu," akasema Bi Mwantum. "Mwenye nyumba hatolewi na mgeni."

"Mwambie nimesikia. Na mwambie mila inasema wakwe wasilale chini ya bati moja. Haikusema wa kutoka ni nani."

Bi Mwantum akanyoosha mkono wenye kuku.

"Mwambie huyu ni wake," akasema.

Jumatatu hiyo madaktari walimsafisha jicho la kushoto, na Jumanne wakamfungua bandeji. La kulia waliambiwa wasubiri safari ijayo. Seleman alikaa kibandani. Asubuhi akipita na baiskeli kwenda kununua chai alisimama nje ya uzio akatuma shikamoo, Zamda akaipokea, akarudisha marahaba. Mchana alikuja tena uzioni kuchukua chakula chake kwa hotipoti.

Zamda naye alikwenda polisi akaandikisha maelezo pamoja na bwana wa kitanda. Ile namba ilikuwa imeshazimwa. Kisha akafanya lililo gumu zaidi: akarekodi sauti kwenye kundi, akataja jina lake na kazi yake, akaeleza alivyoingizwa mjini kwa ukuta alioupaka mwenyewe. Aliogopa watamcheka. Walimcheka, siku mbili. Siku ya tatu wakaanza tena kumletea simu.

Picha anazitazama bado, hawezi kujizuia. Lakini sasa akishatoa hukumu ya ukuta humrudishia mtu simu yake na kumwambia: "Haya, inuka uende. Kagonge mlango, umwone anayefungua, halafu kamuulize mwenyekiti wa kitongoji kama ndiye mwenyewe. Hela isitoke mfukoni kabla ufunguo haujaingia mkononi. Na akikusifia, ukate simu."

Na Bi Mwantum aliyekuwa akiona dunia kupitia chandarua, alikaa siku mbili za kwanza akishangaa vitu: rangi ya khanga zake mwenyewe, mdudu anayepanda kwenye kikombe, mvi za Zamda. Siku ya tatu alianza kuona vilivyokuwa vinamngoja.

"Zamda. Nyumba hii kaisiriba nani?"

Zamda akatazama chini. Kuta za nyumba yake zilikuwa na nyufa za kupitisha mjusi na mkewe.

"Hakuna, mama. Sijapata nafasi."

"Tangu lini?"

"Tangu tuhamie. Miaka minne."

"Subhanallah. Na mie nikija mchana kuwasalimu, napapasa kiti nakaa, moyoni namshukuru Mungu, mwanangu anakaa pazuri."

Walicheka wote wawili mpaka Zamda akamkumbusha mama yake kwamba daktari kakataza jicho kutoa machozi.

Wali ulikuwa umeiva, na Zamda alikuwa anapakua cha Seleman kwenye hotipoti. Bi Mwantum alisimama mlangoni, akitazama njia. Mwanamume mmoja alikuwa anakuja na baiskeli, ameishuka, anaikokota, na kiuno amekishika kwa mkono mmoja.

"Yule mzee anayekuja na baiskeli ni nani?"

Zamda akachungulia. "Mama! Ni mkweo."

Kwa heshima ya ukwe Bi Mwantum hakuwa akimtazama usoni. Mara ya mwisho kumwona sawasawa alikuwa kijana wa nywele nyeusi aliyekuja Maparoni na mahari yake kwenye bahasha.

"Mbona anakwenda hivyo?"

"Mgongo. Kibandani hakuna kitanda, analala juu ya meza ya kazi. Kaniambia nisikwambie."

Seleman alifika kwenye uzio, akasimama mahali pake pa kila siku, akainamisha kichwa tayari kutuma salamu. Hakuwahi. Bi Mwantum alivuta khanga ikamfunika mpaka kwenye paji la uso, akatoka mpaka ukingoni mwa baraza, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini hakumtafuta Zamda wa kumsemea.

"Seleman, baba," akasema. "Ingia ndani kwako ukae kwenye kiti ule. Mie nitakaa uani mpaka umalize."

Seleman alibaki ameshika baiskeli kwa mikono miwili, hajui aiegemeze wapi.